Kiti cha Kwanza Kusema

Ijumaa, Thunder Bay, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
na chini ya duka la Wolanski la kufulia mazulia
tupo wanane, tumeizunguka meza iliyokuwa mlango:
kitasa kimeng'olewa, tundu limezibwa kwa gundi.
Urho anagawa. Vidole vyake, viwili havina ncha,
vinarusha karata kama mtu anayelisha kuku.

Zamu imenifikisha kwenye kiti kile.
Cha kwanza kusema.
Saba baada yangu hawajafungua kinywa,
na mimi, Lempi, mwendesha winchi wa ghala la ngano,
natakiwa nibishe hodi kwenye nyumba isiyo na taa
nisijue aliye ndani ameshika mkate au shoka.

Nafunua pembe tu.
Mfalme wa uru. Ghulamu wa kopa.

Wazuri hawa. Wamevaa, wamechana nywele.
Si wa kutupwa jalalani kama mbili na saba,
wala si wa kukusimamisha moyo.
Ni kama posa ya mtu asiye mbaya:
hakuna la kumkatalia,
na ndiyo maana wengi huolewa.

Mara ya kwanza kuwacheza kutoka hapa
ilikuwa Novemba. Nilipandisha dau bila kupepesa.
Mezani wakalala mfalme, ghulamu, na nne ya pau,
Ovide Desrosiers akanifuata hadi mwisho akinung'unika Kifaransa,
nikazoa dola mia moja na tisini.
Nikanunua tairi za theluji.
Hapo ndipo nilipoharibika.

Kupoteza kungenifunza usiku ule ule.
Kushinda kulinila majira mazima ya baridi.

Desemba mfalme wangu akakutana na mfalme wa Bernice,
taji lile lile, upanga ule ule,
ila wa Bernice alikuja na ree.
Bernice hakucheka. Ni muuguzi,
amezoea kuwapa watu habari.
"Ulisema mapema mno, Lempi," akasema,
huku akipanga sarafu zangu za plastiki kwa rangi.
Januari, mara mbili. Februari
niliacha kuhesabu dola, nikawa nahesabu tairi:
ya mbele kushoto kwa Bernice,
mbili za nyuma kwa Urho,
na iliyobaki sikumbuki, nilikuwa nimekunywa.

Na si hapa mezani tu.
Kiwanda cha karatasi kilipoleta ile orodha,
wanaotaka kuondoka kwa hiari waandike majina,
kalamu ilikuwa bado ina kifuniko nilipoishika.
Malipo yalikuwa yamevaa, yamechana nywele.
Waliokaa kimya hadi Machi wakalipwa mara mbili.
Mume wangu wa zamani alikuwa mmoja wao.
Kutangulia si kufika; naijua methali hii
kama ninavyoijua bei ya tairi.

Basi nazisukuma. Mgongo juu, taratibu,
hadi kwenye rundo la zilizokufa.
Urho ananitazama sekunde moja zaidi ya kawaida.

Ovide anaingia. Wolanski anaingia. Karata tatu zinafunuliwa:
ghulamu, mfalme, ghulamu.

Kahawa yangu imepoa. Nainywa yote, hadi machicha.
Hakuna atakayejua, nami sitasema,
ingawa kitu kimoja tumboni kinapiga teke kama ndama zizini
na kinazidi kupiga wakati Wolanski
anavuta dola sitini kwa jozi ya tisa.

Sijui kama nilikuwa sahihi.
Nilikuwa sahihi. Sijui.

Juu yetu mashine ya mazulia inamaliza mzunguko, inatetemeka, inanyamaza.
Karata zinarudi kwa Ovide, zamu yake kugawa.
Viti havisogei, zamu ndiyo inayosogea:
sasa nitalipa kabla ya kuona,
lakini nitawasikiliza wote saba kwanza.

Nachukua sarafu mbili.
Naziweka mbele yangu kabla sijaulizwa.